Tumbo Lisilosikia Moto

Kwa karibu mwaka mzima nilivuka mpaka wa Rusizi nikiwa mjamzito bila mimba. Mwanzoni sikumdanganya mtu. Nilipanga foleni kama wengine, furushi la nguo za wateja wangu wa Bukavu likiwa kichwani, mara afisa ananiona, ananiita kwa mkono na kunipitisha pamoja na wazee na wanawake waliobeba watoto. "Maman, kuya hapa mbele," ananiambia kwa heshima kabisa. Mara ya kwanza niliona haya. Mara ya pili jua lilikuwa kali. Kuanzia mara ya tatu nilikuwa naweka mkono kiunoni kabla hajaniona.

Mambo yaliharibika siku kijana mmoja wa pale mpakani, mwenye roho nzuri na kumbukumbu nzuri zaidi, aliponihesabia miezi. Alisema amekuwa akinipitisha tangu kabla ya Ramadhani, na sasa Ramadhani nyingine inabisha hodi, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli kama hospitali wanasemaje. Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja mwenye beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, alicheka mpaka akalazimika kulitua chini. Nilirudi mwisho wa mstari kwa miguu yangu mwenyewe, nikasimama saa nzima na uso ukiwaka.

Nilikuwa na miaka arobaini na minne, watoto wanne, na vyerehani viwili katika chumba nilichopanga karibu na soko la Kamembe. Mimi si mnene, na hilo ndilo lililoniudhi. Mikono myembamba, miguu ya kawaida, shingo ya kuvaa shanga. Mafuta yote yalikuwa yamekubaliana kukaa mahali pamoja, chini ya kitovu, na hayakusikia habari ya mtu. Nilifunga Ramadhani, yakabaki. Nilipanda kilima kwa miguu badala ya kuchukua moto, zile pikipiki za abiria, magoti yakauma, yenyewe yakabaki. Kazini nimeficha matumbo ya nusu ya Kamembe kwa marinda na mikunjo, najua kila ujanja wa mkasi, lakini langu nilikuwa nalivua kila jioni pamoja na gauni na kulikuta palepale.

Sasa, mama yangu ni mkandaji. Mwanamke akijifungua mtaani kwetu, mama ndiye anayeitwa. Anakwenda na taulo zake mbili na majani yake ya mbarika, anachemsha maji, anamkanda mzazi na kumfunga tumbo kwa kitambaa mpaka arobaini iishe. Amekanda wanawake wa kila dini, wa huku na wa ng'ambo, na wengine wametuma moto kutoka Gashonga kumchukua. Kila mtu anasema mikono yake inarudisha tumbo la msichana. Basi fikiria binti wa mwanamke huyo anapita sokoni na tumbo kama langu. Hakuna aliyesema neno mbele ya mama, lakini mimi nilikuwa naona wanawake wakinitazama tumboni kisha wakimtazama yeye. Kwenda kwa daktari kuliondoa ilikuwa sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza kwamba mikono ya mama imeshindwa. Nilitaka tumbo liondoke na sifa ya mama ibaki, vyote viwili, na ndiyo maana nilianza kusema uongo.

Habari ya leza ya kuyeyusha mafuta niliipata kwa mteja aliyeolewa Kigali. Alikuja kushonewa gauni, nikampima, nikaona kiuno kilichobadilika tangu mwaka uliotangulia, na kwa kuwa fundi ana ruhusa ya kuuliza, niliuliza. Mume wangu nilimweleza. Yeye ni seremala, mtu wa maneno machache, alisema mwili ni wangu lakini nimwambie mama. Nilimjibu kwamba nitamwambia. Mama mwenyewe nilimwambia naenda Kigali kutafuta vitambaa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka, na nilimpenda kwa sababu alianza kwa kunikatisha tamaa. Alisema kazi hii si ya kupunguza uzito. Mtu mwenye uzito mwingi akija kwake anamrudisha, na mtu anayefikiri kwamba baadaye atakula chochote anamrudisha pia, kwa kuwa mafuta yakikosa mahali pa zamani yanaweza kutafuta mahali pengine. Alinilaza, akaniambia niinue kichwa, akabonyeza katikati ya tumbo kuona kama misuli imeachana na kama kuna ngiri, maana leza haishoni misuli. Yangu ilikuwa imeachana kidogo. Akaniambia waziwazi kwamba kidogo hicho kitabaki, na nikishiba vizuri nitakiona.

Alinieleza watakavyofanya. Wanatia maji yenye dawa ya ganzi chini ya ngozi, wanatoboa vitundu vidogo, wanapitisha uzi mwembamba wa leza unaoyeyusha mafuta, kisha mrija unayanyonya. Mimi niliwaza mto wa kiti. Ukitoa pamba ndani, foronya haiondoki, na kama itakaza au italegea inategemea kitambaa chenyewe. Nilimwambia hivyo, akacheka, akavuta ngozi yangu kwa vidole viwili akaiachia, akasema kitambaa changu si cha msichana lakini bado kina uhai. Leza husaidia ngozi kukaza kiasi, alisema, ila haahidi mtu.

Kisha yakaja maswali. Dawa ninazomeza, zikiwemo za kienyeji. Kama ninavuta sigara. Kama damu yangu imewahi kuganda mguuni. Niliyajibu yote kwa ukweli, hata dawa za maumivu ninazomeza nikishona siku nzima, akaniambia nisiziguse mpaka aseme. Alipojua natoka Kamembe, alikataa nisafiri mapema. Alitaka nikae Kigali siku tano kwanza, na ndani ya basi niwe nachezesha miguu na kushuka kila linaposimama, kwa sababu kukaa saa sita bila kujinyoosha baada ya kazi ile ni hatari kwa damu. Alinitajia dalili za kunikimbiza hospitali yoyote iliyo karibu: homa, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukatika. Na alinionya mara mbili kwamba ngozi ya tumbo itakufa ganzi, kwa wiki au hata miezi, kwa hiyo nisiiweke karibu na kitu cha moto wala barafu, kwa kuwa haitaniambia inaungua.

Swali la mwisho lilikuwa nani atanihudumia nyumbani. Alitaka kuzungumza naye, ana kwa ana au kwa simu. Nilisema mdogo wangu wa kike, ni muuguzi, anajua kila kitu, atampigia akitoka zamu. Sina mdogo wa kike.

Kazi yenyewe haikuniumiza sana. Nilikuwa macho, nasikia kusukumwasukumwa tu, na daktari na msaidizi wake walikuwa wanazungumza habari za mvua. Yaliyofuata ndiyo sikuyatarajia ingawa niliambiwa. Siku mbili nilivuja maji ya rangi ya waridi mpaka nikalalia taulo. Tumbo lilivimba likawa kubwa kuliko nililokuja nalo, likawa na rangi za biringanya. Nililia kwa binamu yangu wa Kigali niliyefikia kwake, nikasema nimejiharibu bure. Binamu yangu alinisomea karatasi ya daktari iliyosema matokeo yanaonekana baada ya miezi, si siku, kisha akanirudisha kitandani. Nilipewa mavazi mawili ya kubana, ya rangi ya ngozi, yanayoanzia chini ya matiti mpaka mapajani. Moja mwilini usiku na mchana, moja kwenye maji.

Hilo la kwenye maji ndilo lililonisaliti. Nilirudi Kamembe siku ya sita, nikitembea nimeinama kidogo, nikamwambia mama kwamba mgongo umeuma ndani ya basi. Nililifua vazi, nikalianika uani chini ya kitenge ili lisionekane. Lakini Kamembe mvua haipigi hodi, na mama, anayeishi chumba cha nyuma ya nyumba yetu, ana tabia ya kuanua nguo za kila mtu. Alianua kitenge, akakuta vazi, akaona madoa ya waridi ambayo sabuni ilishindwa kuyaondoa.

Alasiri, baada ya sala, nilimwona anaingia chumbani kwangu na beseni linalofuka mvuke, taulo mbili begani, majani mkononi. Alifunga mlango. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ilikuwa ya miezi ngapi?" aliniuliza.

Nilichukua muda kuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja: safari ya ghafla, kuinama, madoa, na vazi kama la hospitali. Mama alifikiri mimba imetoka nikiwa Kigali na nimeificha kwa uchungu. Na tumbo lile la mwaka mzima mpakani, inawezekana yeye naye alikuwa analihesabu kimyakimya. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Maneno yalikuwa mepesi, mafuta, leza, daktari. Nikatazama taulo zake mbili, zile zile alizonikandia nilipozaa mtoto wa kwanza, nikaona ni rahisi kuwa mwanamke aliyepoteza mtoto kuliko kuwa binti aliyekwenda kulipia kazi ya mama yake kwa watu wengine.

"Michache," nilisema. Mpaka leo nalionea aibu neno hilo kuliko jingine lolote.

Mama alisema pole, akashika kichwa changu, akalia kwa sauti ndogo. Kisha akanawa uso akaanza kazi, maana mama akiwa na huzuni hukanda. Yeye hukanda chini ya kitenge, kwa heshima, hamtazami mtu tumbo, kwa hiyo hakuona rangi za biringanya. Nililivua vazi la kubana hukohuko chini ya kitenge, nikamwomba asibonyeze kwa sababu ndani panauma, akakubali, akasema atalaza taulo tu, joto litafanya kazi lenyewe. Alichovya, akakamua, akalaza chini ya kitovu.

"Unasikia?"

"Siko nasikia sana, mama."

"Basi maji imepoa." Alitoka, akarudi na birika lililotoka kuchemka.

Nisimlaumu mtu hapa. Onyo nililisikia mara mbili kwa masikio yangu. Lakini nilikuwa nimelala, mkono wa mama uko juu yangu, naombolezewa msiba ambao haukuwepo, na kumwambia aache ingekuwa kufungua mlango wote. Nilijiambia kwamba kama ingekuwa moto sana ningejua. Aliuliza tena kama nasikia, nikasema kidogo, kwa kumridhisha, na alibadilisha taulo mara nne.

Asubuhi palikuwa na malengelenge mahali pana kama jani la maboga. Hayakuuma, na kutouma kwake ndiko kulikonitisha. Nilituma picha kwa daktari. Alinipigia papo hapo, hakunigombeza, alinielekeza nisitumbue, niende hospitali ya hapa kwetu wasafishe na kufunga, kisha akauliza mdogo wangu muuguzi alikuwa wapi. Nilikiri kwamba sina mdogo, nikamtajia beseni na taulo. Akasema nimwambie ukweli aliyefanya hivi, kwa sababu kesho atarudi na beseni.

Nilimwambia mama siku ileile, nikiwa na bandeji, huku mume wangu amesimama mlangoni kama mtu aliyengoja jambo hilo kwa muda mrefu. Nilimwambia yote, kuanzia afisa wa mpakani mpaka mdogo wangu asiyekuwepo. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea hasira ya leza. Haikuja.

"Nililia juu ya mutoto mwenye hakukuwako," alisema. Alikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Kisha akasema lile ambalo sikuwahi kulisikia. "Ile tumbo ni miye nilikuachiaka. Ule wa nne walikupasua, niliogopa kidonda, sikukukanda. Bibi ya kila bwana nilimukanda. Wangu nilimuacha."

Kumbe miaka tisa, tangu nizae huyo wa nne, mama alikuwa anapita sokoni na tumbo langu kama mimi nilivyopita nalo. Mimi nilikuwa namficha, naye alikuwa ananificha. Tulilia wote wawili, safari hii kwa sababu iliyokuwepo, na mume wangu akaenda kuchemsha chai, akaweka tangawizi nyingi mno.

Siku ya kurudi kwa daktari nilikwenda na mama. Alivaa gauni la sikukuu, akakaa mbele ya daktari mikono imepishana magotini, akaomba radhi kwa kuniunguza. Daktari alimwambia kosa ni la mgonjwa aliyesema uongo, na mama alinitazama kwa jicho ninalolijua tangu utotoni. Kisha mama akauliza swali lililompeleka Kigali: kama angenikanda baada ya mtoto wa nne, tumbo lile lingekuja? Daktari alilichukua swali kwa uzito. Alisema mafuta hayaji kwa kukosa kukandwa na hayaondoki kwa kukandwa, na kwamba kuogopa kidonda kibichi ilikuwa akili nzuri. Mama alishukuru. Alionyeshwa jinsi ya kunipaka mafuta ya ngozi, mkono mwepesi, bila maji, bila kubonyeza, pembeni mwa kovu la kuungua tu. Alijifunza kwa dakika mbili.

Lakini ndani ya basi la kurudi alitazama dirishani tu. Tulipita Huye, tukaingia msitu wa Nyungwe, ukungu ukashuka barabarani, na mimi nilikuwa nachezesha miguu kama nilivyoagizwa, naye akaanza kuchezesha yake pia bila kuagizwa. Katikati ya msitu aliigeuza mikono yake juu ya magoti, akaitazama.

"Sasa hii mikono ilikuwa inafanya nini miaka yote?"

Hapo sikutafuta neno la kumpendeza, nilikuwa nimechoka na maneno ya kupendeza. Nilimkumbusha nilipozaa mtoto wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini, naogopa kumshika mtoto, naogopa kulala asije akaacha kupumua. Saa moja tu kwa siku sikuogopa, ile ambayo yeye alikuwa na taulo zake chumbani, mtoto kalazwa pembeni, mlango umefungwa, hakuna anayeniuliza kitu.

"Ilikuwa inatulaza, mama," nilimwambia.

Baada ya kona chache alisinzia begani kwangu mpaka Kamembe.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ya leza. Tumbo limeshuka taratibu, bila tarehe ninayoweza kutaja. Nilijua kwa nguo, si kwa kioo, nilipoanza kupunguza viuno vya magauni yangu mwenyewe. Nikishiba maharagwe kile kidogo cha misuli kinajitokeza kama alivyosema daktari, nami nakisalimia. Chini ya kitovu kuna alama ya kuungua, nyeusi kidogo kuliko ngozi, na sina ugomvi nayo. Mpakani nasimama kwenye mstari mrefu. Kijana yule wa miezi aliniona, akatazama mgongoni mwangu, nikajua anatafuta mtoto. Nilimwambia hakukuwa na mtoto, yalikuwa mafuta, naomba radhi kwa safari zote alizonipitisha. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, lakini hakunipitisha mbele.

Wanawake wanakuja dukani kuniuliza, wengi wakijifanya wanataka kupimwa gauni. Nawaambia mambo mengine yote watayapata kwa daktari mwenyewe, wamchague aliyesomea na asiyeogopa kuwakatisha tamaa. Mimi nawauliza moja tu, nani atakufulia, nani atakupikia, nani ataingia chumbani na kufunga mlango, kisha nawaambia waende na mtu huyo. Mama akiwa dukani, akitoa nyuzi kwenye mapindo, anaongeza bila kuinua kichwa kwamba waulize habari ya maji. Bado anaitwa kwa wazazi. Siku hizi anaweka kiwiko majini kabla ya taulo, na aliyepasuliwa anamlaza tu na kumkanda miguu.

Hisia za ngozi zilirudi kidogokidogo, kwanza kama sisimizi, halafu mwasho, halafu siku moja nilisikia ubaridi wa mkasi niliouegemeza tumboni. Nilimpigia daktari. Alinijaribu kwa maswali, akasema maji ya uvuguvugu sasa yanaruhusiwa. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, na mama alikuwa anapita uani.

Alasiri yake aliingia na beseni, taulo mbili begani. Safari hii hakufunika kitu. Alichukua mkono wangu kwanza, akauchovya majini, akangoja niseme sawa. Kisha akakamua taulo, akailaza juu ya ile alama, na hakuiachia, alibaki ameishika kwa mikono yote miwili.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama," nilimwambia, na nilikuwa nasikia kweli.